Juma Moja Nyuma ya Jiko

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Karatina huenda mwendo wa kilomita 120 hivi. Barabara hupita Thika na Sagana, kisha huanza kupanda katika nchi ya matuta na mabonde, ambako udongo ni mwekundu na kila tuta lina kahawa mgongoni, migomba kiunoni, na nduma miguuni penye maji. Asubuhi, kabla mawingu hayajakusanyika, Mlima Kenya huonekana wazi kabisa na kilele chake cha mita 5,199. Wageni wengi hupita hapa kwa haraka wakienda mbali zaidi kuwatazama tembo na vifaru. Ni wachache wafikirio kwamba katika tuta lolote la huku Mathira, nyuma ya jiko la mtu yeyote, wamo viumbe wa kumshughulisha mtu juma zima.

Habari hii ni ya jamaa moja ya huko. Baba ni karani katika ofisi mjini Nairobi. Mama hulima shamba lao la ekari mbili. Watoto ni watatu: mvulana wa miaka 15 asomaye shule ya sekondari, msichana wa miaka 10, na kitinda mimba wa miaka 5. Pamoja nao hukaa nyanya, mama yake baba, ambaye umri wake umepita miaka 80, na kifua chake kilikuwa kimemsumbua mwaka huo wote.

Baba alifika Jumamosi jioni, katika likizo ya Desemba. Watoto walikuwa wamekwisha kuzipanga nguo zao katika sanduku, maana tangu Januari waliahidiwa kwamba watapelekwa Mombasa kuiona bahari. Baba aliketi, akanywa chai, akalitazama lile sanduku, kisha akasema maneno machache. Fedha za nauli zililipia kitanda cha nyanya hospitalini mwezi wa Oktoba, wala hakuna nyingine. Likizo yake ataimaliza papo hapo nyumbani, na wao pamoja naye. Mvulana akalichukua sanduku, akalirudisha uvunguni pasipo kusema neno. Msichana alilia kidogo. Kitinda mimba akauliza kama bahari itangoja mpaka mwaka ujao, akaambiwa kwamba itangoja.

Usiku huo, yapata saa nne, ulisikika ukelele kutoka ukingo wa shamba, kwenye mugumo mkongwe ulio karibu na kijito. Haukuwa ule mlio wa bundi unaoigwa katika hadithi. Ulikuwa mrefu na wa kukwaruza, mfano wa shuka kuukuu iraruliwayo kwa nguvu. Chumbani mwake nyanya akakohoa. Baba na mama wakatazamana wasiseme kitu, kwa sababu kila mtu wa nchi ile ajua yasemwayo juu ya bundi aliaye karibu na nyumba yenye mgonjwa.

Siku ya pili, walipotoka kanisani, mzee mmoja jirani alimshika baba mkono wakaenda pamoja polepole.

"Mwanangu, umemsikia yule?"

"Nimemsikia, mzee."

"Ameanza kulia tangu mama yako alipotoka hospitali. Mimi sisemi kitu. Lakini mti ule una pango, na moshi wa pilipili haushindwi na ndege."

Baba hakujibu. Alikuwa amesoma katika shule ya misheni, na huko alifundishwa kwamba ndege hana habari za kifo cha mtu. Lakini mtu aweza kusoma vitabu vingi mchana, na usiku ukiingia akamsikiliza bundi kama baba yake alivyomsikiliza. Zaidi ya hayo, aliyekuwa mgonjwa alikuwa mama yake.

Alasiri akaenda kulifungua ghala, akakuta jambo la kumkasirisha. Magunia mawili ya mahindi yalikuwa yametobolewa chini, na nafaka imechanganyika na mavi ya panya. Hawa walikuwa panya wa shamba, wenye rangi ya udongo, ambao kila mkulima wa Afrika ya Mashariki awajua. Jike mmoja huweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mara moja, na mimba yake huchukua siku 23 tu; basi mtu akiona panya wawili leo, na ahesabu mwenyewe watakavyokuwa baada ya miezi michache. Baba alikuwa amenunua paketi ya sumu sokoni Karatina. Akaifungua, akaweka matonge 12 katika pembe za ghala na chini yake, akanawa mikono. Moyoni alijiambia kwamba angalau jambo moja la nyumbani amelitengeneza.

Jumatatu ilianza na kelele za msichana. Alikuwa akianika nguo juu ya ua wa kayaba, akaweka mkono karibu na kinyonga. Kitinda mimba akakimbilia jiwe. Baba akamzuia, akawaita wote waje watazame pasipo kumgusa.

Alikuwa kinyonga dume wa pembe tatu, moja puani na mbili mbele ya macho, kama kifaru mdogo wa kijani. Jicho moja lilimtazama baba, na la pili, wakati ule ule, lilimtazama nzi juu ya jani. Walingoja kitambo kirefu. Mara ulimi ukatoka, mrefu kupita kiwiliwili chake chote, na yule nzi hakuwapo tena. Watoto wakapiga makofi. Kinyonga wa namna hii hukaa katika nchi za juu za Kenya na kaskazini ya Tanzania, na jike wake hatagi mayai ardhini kama kinyonga wengine, bali huzaa watoto walio hai, wadogo sana. Hana sumu, wala hamdhuru mtu.

Nyanya alikuwa ameketi juani na blanketi mabegani. Akawaambia wajukuu hadithi ambayo makabila mengi wanayo: jinsi Mungu alivyomtuma kinyonga awaambie watu kwamba hawatakufa, naye akaenda polepole, akagugumia, mpaka mjumbe mwingine akampita na habari za kifo.

"Kwa hiyo watu humchukia," alisema nyanya. "Lakini yeye alitumwa na habari njema. Kosa lake ni kuchelewa tu. Nani kati yenu hajachelewa akitumwa dukani?"

Msichana akacheka, kwa sababu alijijua. Yule kinyonga aliachwa kwenye kayaba, na siku zote za juma lile kitinda mimba alikwenda kumwamkia kila asubuhi.

Jumanne mama alikuwa na vita. Mpapai wake ulio karibu na jiko ulikuwa na mapapai manne yaliyokaribia kuiva, na kuzumburu walikuwa wamelitoboa moja. Kuzumburu ni wale ndege wa kijivujivu wenye kishungi na mkia mrefu, watambaao matawini kama panya, na walalao usiku wameshikana kifua kwa kifua kama kichala cha ndizi. Mama hana huruma nao, wala hakuna awezaye kumlaumu, kwa maana mapapai ni fedha. Lakini hakuwatupia mawe. Aliyafunika mapapai matatu kwa vipande vya gunia, na lile lililotobolewa akawaachia. Tangu siku hiyo vita vilipungua.

Mahali pale pale walimwona chozi dume, mwenye mkia mrefu na manyoya yang'aayo kama shaba iliyosuguliwa, akinyonya maua kwa mdomo wake uliopinda. Jike, asiye na mapambo, ndiye aliyekuwa akijenga. Kiota chake kilikuwa kama mfuko mdogo uliotungikwa kwenye ncha ya tawi, umeshonwa kwa nyasi na utando wa buibui. Mama akamtazama yule dume anavyojigamba, kisha akamtazama yule jike anavyobeba nyasi, akasema kwamba hata huko mambo ni yale yale. Baba alijifanya hakusikia.

Adhuhuri mbayuwayu wakapita chini chini juu ya shamba la maharagwe wakikamata wadudu. Mvulana alieleza kwamba mbayuwayu hao walizaliwa Ulaya au Asia, na kwamba hukimbia baridi ya huko na kuja Afrika kila mwaka, ijapokuwa mmoja ana uzito wa gramu 20 tu hivi. Msichana akauliza kama walipita juu ya bahari. Mvulana akajibu kwamba wengine hupita.

"Basi wao wameiona," alisema, akainama kuendelea kuchuma maharagwe.

Jioni, giza lilipokuwa likiingia, wote waliona jambo ambalo hawakuwa wamelitafuta. Kutoka katika pango la mugumo bundi wawili walitoka, mmoja baada ya mwingine. Nyuso zao zilikuwa nyeupe, mfano wa moyo uliochorwa, na tumbo zao nyeupe vile vile. Waliruka juu ya ghala pasipo sauti hata ndogo, kama karatasi zichukuliwazo na upepo. Mmoja akashuka ghafula nyuma ya ghala, akainuka na kitu katika makucha. Hakuna aliyesema neno, lakini wote walikuwa wamekiona kitu chenyewe, na kilikuwa na mkia.

Jumatano msichana alikuwa katika mchungwa, kwa sababu majani yake yalikuwa yakiliwa. Aliwakuta viwavi wa namna mbili: wadogo wafananao kabisa na mavi ya ndege, na wakubwa wa kijani. Mvulana akamwonyesha kwamba wote ni wa kipepeo mmoja, yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, na kwamba mdogo hujifananisha na uchafu ili ndege wasimtamani. Alipoguswa, yule mkubwa akatoa kichwani pembe mbili nyekundu zenye harufu kali, na kitinda mimba akaruka nyuma. Mama aliamuru viwavi waondolewe kwa mkono, kwa kuwa mchungwa ulikuwa mchanga. Wawili tu waliruhusiwa kuishi katika mkebe wenye majani ili watoto waone mwisho wao.

Siku hiyo hiyo, mchana peupe, panya alionekana akitembea katikati ya uwanja. Hakukimbia. Alikwenda hatua chache, akasimama, akayumba kama mlevi. Baba alimwua kwa fimbo, akafurahi kuona kwamba sumu inafanya kazi.

Usiku bundi akalia tena, karibu zaidi. Haukupita muda yule mzee jirani akabisha hodi, na mkononi alikuwa na kigae cha makaa na pilipili zilizokauka. Alisema kwamba hakuja kwa ubaya, bali kwa ujirani. Baba alisimama mlangoni hajui la kusema. Kumfukuza mzee ni utovu wa adabu, na kumfuata mpaka mtini ni kukiri jambo ambalo hakutaka kulikiri mbele ya watoto wake. Ndipo sauti ya nyanya ikatoka chumbani.

"Ni nani huyo na pilipili? Mwambie aingie anisalimu."

Mzee akaingia, akasalimu. Nyanya akainuka kidogo kitandani.

"Bundi alilia katika mti huu huu usiku ule nilipomzaa huyu," alisema, akimwonyesha baba kwa kidole. "Alilia usiku wa kuamkia arusi yake. Alilia pia usiku mwingine mwingi ambao halikutokea lo lote ila kulikucha. Kama huleta habari, basi huleta za kila namna. Mimi nitakwenda siku yangu ikifika, bundi akilia, bundi akinyamaza. Mwacheni. Na wewe, mzee, zile pilipili usizipoteze. Mpe mkwe wako azitie katika mchuzi."

Mzee alicheka mpaka akaketi. Alipewa chai, na makaa yake yakatumika kuichemshia.

Alhamisi asubuhi, baada ya maneno hayo, mvulana alipata ruhusa ya kwenda chini ya mugumo. Alirudi na madonge saba meusi, makubwa kama kidole gumba cha mtu mzima. Bundi humeza mnyama mzima mzima, kisha mifupa na manyoya yasiyosagika tumboni huyatapika kama donge. Waliyalowesha katika karai la maji, wakayafumua kwa vijiti. Hata nyanya alisogeza kiti chake. Wakahesabu mafuvu: 20 ya panya, na mawili ya kirukanjia. Fuvu la kifaranga halikuwamo hata moja.

Mvulana akaeleza zaidi aliyojifunza shuleni. Bundi huyu wa uso mweupe hupenda kukaa karibu na watu, katika mapango ya miti, katika dari na minara, kwa sababu panya nao hukaa karibu na watu. Na si yeye peke yake katika nchi ile. Katika magenge ya upande wa mlimani wako bundi wakubwa wenye masikio ya manyoya, waitwao kwa jina la Mwingereza Halford Mackinder, aliyefika kilele cha Batian mwaka 1899. Hao nao hushuka usiku kuwinda panya na fuko katika mashamba ya wakulima.

Baba alikuwa akisikiliza huku akitazama ghala. Akauliza polepole, "Na akimla panya aliyekula sumu?"

Mvulana hakujibu upesi. Alikwenda akaleta ile paketi iliyokuwa imetupwa, akasoma maandishi madogo ya nyuma. Yalisema wazi kwamba sumu iwekwe mbali na watoto, mifugo na ndege, na kwamba mizoga yote iokotwe na kufukiwa. Baba ni mtu ambaye kazi yake ni kusoma karatasi za watu kutwa kucha, akitafuta makosa. Karatasi hii hakuisoma.

Inafaa ielezwe hapa sumu ya namna hii hufanyaje kazi. Katika miaka ya 1920, huko Marekani na Kanada, ng'ombe waliolishwa majani makavu yaliyooza walianza kufa kwa kutokwa damu isiyokoma. Wataalamu wakakitafuta kitu kilichomo katika majani hayo, na kutokana na kazi hiyo ikapatikana sumu ya kuzuia damu isigande, ambayo ilianza kutumiwa kwa panya mwishoni mwa miaka ya 1940. Baadaye panya wa mahali pengi wakaizoea, na katika miaka ya 1970 zikatengenezwa nyingine za namna hiyo zilizo kali zaidi, ambazo hukaa katika ini la mnyama kwa miezi mingi. Panya aliyekula hafi siku hiyo. Huishi siku kadhaa, akidhoofika, akitembea mchana bila hofu. Huyo ndiye rahisi kukamatwa. Paka humkamata, na bundi humkamata, na sumu iliyo ndani yake huhamia ndani ya mlaji. Hivyo mtu aliyeazimia kuua panya aweza kumwua mwindaji wa panya, na panya wakabaki na raha yao. Wahenga walisema: mchimba kisima huingia mwenyewe.

Baba hakungoja jua lishuke. Alivaa mifuko ya nailoni mikononi, akakusanya matonge. Aliweka 12, alikuta matano. Akachimba shimo refu mbali na kijito, akayafukia. Watoto walizunguka shamba lote wakitafuta panya waliokufa, wakiwainua kwa koleo. Walipata watatu, nao wakafukiwa.

Usiku ule bundi hakulia.

Ijumaa baba alifanya kazi ambayo ingalipaswa kufanywa miaka mingi iliyopita. Ghala lilikuwa karibu kugusa ardhi. Pamoja na mvulana wake na mzee jirani, wakaliinua juu ya miguu ya miti migumu ya urefu wa mita moja. Kila mguu wakauvika bati kuukuu lililokatwa na kukunjwa mfano wa mwavuli, uso wa chini ukiwa laini, ili panya apandaye afike hapo na kushindwa. Wakakata tawi lililoegemea paa, kwa kuwa panya huruka. Wakafyeka nyasi pande zote, wakaondoa rundo la kuni lililokuwa karibu. Mama akapepeta mahindi, akayahamisha katika magunia mazima. Gharama yake yote ilikuwa misumari na jasho la siku moja.

Usiku wa Ijumaa vile vile palikuwa kimya. Yapata saa tano nyanya akaita, "Amelia?"

"Bado, Mama," alijibu baba, ambaye naye hakuwa amelala.

"Kimya hiki sikipendi," alisema nyanya.

Na hilo lilikuwa jambo la ajabu. Siku sita kabla yake, watu wa nyumba hiyo walizifunika nyuso zao kwa mablanketi wasiusikie mlio ule. Sasa kila mmoja alilala macho akiungoja. Asiyekujua hakuthamini, na pengine akujuapo ni wakati umekwisha kuchelewa.

Jumamosi jioni wote waliketi nyuma ya jiko, nyanya katikati na blanketi lake, kitinda mimba magotini pake. Kiwavi mmoja wa yule kipepeo alikuwa amejifunga kwa uzi kwenye kijiti ndani ya mkebe, amegeuka kuwa kitu kisicho na kichwa wala miguu. Mbayuwayu walikwisha kwenda kulala. Kuzumburu nao walinyamaza. Mlima ulionekana kidogo, kisha ukapotea. Pango la mugumo likawa jeusi, nao wakalitazama mpaka macho yakawauma.

Ndipo uso mweupe ukatokea. Bundi akakaa kitambo mlangoni mwa pango, akageuza kichwa huku na huku, akaruka juu yao pasipo sauti, akaelekea bondeni. Wakamngoja wa pili. Nyota zikatoka. Wa pili hakutoka.

"Labda amelalia mayai," alisema mvulana. "Jike akilalia hatoki, dume humletea chakula."

"Labda," alisema baba.

Walipokuwa wameingia ndani, ukelele ule ukasikika kutoka bondeni, wa kukwaruza kama siku ya kwanza. Nyanya akasema, "Huyo," akageukia ukutani, akalala.

Jumapili baada ya chakula baba alishika mfuko wake kurudi kazini. Kuhusu Mombasa hakuahidi tena, ila alimwambia mama kwamba mwaka huu mahindi hayatauzwa nusu na kuliwa na panya nusu, basi huenda sanduku likatoka uvunguni. Mvulana alimsindikiza mpaka barabarani. Gari lilipokuwa likija, baba akamwambia, "Kila jioni utahesabu wanaotoka, kisha utaniandikia."

Barua ya kwanza ilifika Nairobi kabla ya mwisho wa Desemba. Ilisema kwamba nyanya hajambo, ghala halijaguswa, na bundi anayetoka ni mmoja. Barua ya pili, katikati ya Januari, ilisema mmoja. Barua ya tatu ilifika Februari, nayo iliandikwa na msichana, kwa kuwa mvulana alikuwa amerudi shuleni. Alisema kwamba kipepeo alitoka mkebeni akaruka, na kwamba kinyonga amehamia upande wa pili wa ua. Tena, jioni ya juzi alikwenda na nyanya polepole mpaka chini ya mugumo. Bundi alitoka mmoja tu kama siku zote. Lakini baada yake walisikia ndani ya pango sauti za kukoroma, nyingi, kama za watoto waliolala wamejaa kitanda kimoja. Wakiwa bado wamesimama pale, bundi wa pili alitokea mlangoni, akaruka.